Tusiitane kwa Majina Mabaya, Hata Katika Rafu za Vitabu

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), aliyemtukuza baba yetu Adam (a.s.) kwa kumfundisha majina ya vitu vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyekuwa akiyaondoa majina mabaya na kuweka mazuri mahali pake, hata binti aliyekuwa akiitwa Aaswiya, yaani muasi, akampa jina la Jamila.

Ama baad. Ndugu Waislamu, suala tunalolileta mbele yenu mwezi huu huenda likaonekana dogo. Tunataka kuzungumzia majina wanayoyaandika wakutubi katika orodha za vitabu: jinsi watu na dini zao wanavyotajwa, wanavyopangwa, na wakati mwingine wanavyodhalilishwa, bila ya sauti kupandishwa wala mtu yeyote kutukanwa usoni. Tunalizungumza kwa sababu linatugusa pande mbili. Tumefanyiwa, na sisi wenyewe tunafanya.

Mkutubi ni shahidi

Mtu anapoingia katika maktaba yenye vitabu laki moja hawezi kufungua kimoja kimoja. Hutegemea kazi ya mtu asiyemwona, yaani mkutubi aliyekipokea kitabu, akakisoma kwa haraka, akaamua kinahusu nini, akakipa namba ya kukiweka rafuni, kisha akakiandikia maneno machache ya kueleza mada yake. Namba hubandikwa mgongoni mwa kitabu. Maneno ya mada huingizwa katika katalogi, ambayo zamani ilikuwa kadi za karatasi ndani ya visanduku vya mbao, na leo iko katika kompyuta.

Maneno hayo hayatungwi upya kila siku. Maktaba nyingi duniani hufuata orodha ya vichwa vya mada iliyoandaliwa na Maktaba ya Congress, iliyopo Washington, Marekani. Namba nazo, katika maktaba nyingi za umma, hufuata mfumo wa Mmarekani Melvil Dewey aliouchapisha mwaka 1876, ambao leo unatumika katika nchi zaidi ya 130, zikiwemo Tanzania na Kenya. Basi neno moja likiandikwa vibaya kule, hunakiliwa na maelfu ya maktaba, na mwanafunzi wa Tanga au Mombasa hulikuta linamsubiri kana kwamba ni hukumu iliyokwisha kupita.

Kwa hiyo mkutubi ni shahidi. Anashuhudia kwamba kitabu hiki kinahusu watu fulani, na kwamba watu hao jina lao ni hili. Ushahidi katika dini yetu ni amana. Katika Suratul-Maida (5:8) tumeamrishwa tusimamie uadilifu, na tumeonywa kwamba chuki yetu juu ya watu isitupeleke kwenye kuwadhulumu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba amri hiyo inaishia mlangoni mwa maktaba.

Jina tusilojiita

Tuanze na yaliyotupata sisi. Kwa miaka mingi vitabu na orodha za Kimagharibi havikuwa na neno “Islam” kuwa jina la dini yetu. Dini iliitwa kwa jina la Mtume (s.a.w.), “Mohammedanism”, na wafuasi wake wakaitwa “Mohammedans”. Hata mwaka 1949 mwanazuoni mashuhuri wa Uingereza, H. A. R. Gibb, alichapisha kitabu cha kuitambulisha dini hii kwa kichwa hicho hicho.

Yuko atakayesema: kuna ubaya gani kutajwa pamoja na Mtume wetu? Ubaya wake ni huu. Jina hilo lilitungwa kwa mfano wa Ukristo. Kwa kuwa Wakristo wameitwa kwa jina la Kristo, ambaye kwao ni wa kuabudiwa, wakadhani nasi tuna uhusiano wa namna hiyo na Muhammad (s.a.w.). Jina likabeba itikadi isiyokuwepo, tena itikadi ambayo kwetu ni shirki. Mwanafunzi wa Ulaya ambaye hajapata kumwona Muislamu hata mmoja alipotoshwa kabla hajafungua ukurasa wa kwanza, na aliyempotosha si mwandishi wa kitabu. Ni kadi ya maktaba.

Wala msidhani jina hilo liliishia Ulaya. Waingereza walilileta hapa Afrika Mashariki pamoja na sheria zao. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 1920 iliyohusu ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu ilibeba jina hilo la “Mohammedan”, na iliendelea kuwemo katika vitabu vya sheria mpaka ilipofutwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014. Nusu karne baada ya uhuru, Muislamu wa Lamu bado aliozwa na kuachishwa chini ya jina asilojiita.

Maktaba zilianza kulibadilisha jina hilo mapema kidogo, na leo katalogi kubwa zote zinaandika “Islam” na “Muslims”. Mwaka 2013, Maktaba ya Congress ilipobadili kanuni zake, iliacha pia tahajia ya “Koran” na kuandika “Qur’an”, karibu na linavyotamkwa na wenyewe. Tunayataja haya kwa sababu mbili: kwanza, mwenye haki apewe haki yake, pili, ijulikane kwamba makosa ya namna hii hurekebishika pakiwepo watu wa kuyasema.

Namba nazo zina maneno

Jina likirekebishwa, bado kuna mahali pa kukaa. Dewey aliigawa elimu yote mafungu kumi, na fungu la 200 akalifanya la dini. Namba za 220 hadi 289, yaani namba sabini, alizipa Biblia na Ukristo. Dini nyingine zote za ulimwengu, za Wahindu, Mabudha, Mayahudi, Waislamu na wengineo, zilisukumwa katika namba kumi za mwisho, 290 hadi 299. Uislamu ukapata namba moja tu, 297. Ndani ya namba hiyo ndimo Qur’ani, Hadithi, sira, fiqhi na tasawwuf vinamobanana kwa kuongezewa tarakimu baada ya nukta: Qur’ani 297.122, Hadithi 297.124. Humo humo wamewekwa Wabahai, jambo ambalo Waislamu hawalikubali, na Wabahai wenyewe nao hulikataa kwa kuwa wanajihesabu kuwa dini inayojitegemea. Namba moja imewakosea watu wawili kwa wakati mmoja.

Lugha zetu nazo zimepata fungu kama hilo. Kilatini, ambacho leo hakuna mtoto anayezaliwa akikizungumza nyumbani, kina namba kumi nzima, 470 hadi 479. Kiswahili kinachozungumzwa na makumi ya mamilioni ya watu kimo katika 496.392, tarakimu sita, ndani ya namba moja iliyowekewa lugha za Kiafrika.

Hatudai kwamba Dewey alikaa chini kupanga njama dhidi ya Uislamu. Alipanga vitabu vilivyokuwa mbele yake, katika chuo cha Kikristo cha Marekani, na vingi vilikuwa vya Kikristo. Tatizo ni kwamba kilichokuwa desturi ya chumba kimoja kiligeuzwa kanuni ya ulimwengu. Naye Dewey hakuwa mtu aliyesalimika na ubaguzi. Klabu yake ya mapumziko huko Lake Placid iliwakataza Mayahudi kuingia, akakaripiwa rasmi mwaka 1905, na mwaka 2019 chama cha maktaba cha Marekani kiliondoa jina lake katika nishani kiliyokuwa kikiitoa.

Waliodhulumiwa na namba hizi si sisi peke yetu. Mama mmoja mweusi wa Marekani, Dorothy Porter, alianza mwaka 1930 kuijenga maktaba ya vitabu vya watu weusi katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Alikuta kwamba maktaba za wazungu zilizoufuata mfumo wa Dewey huviweka vitabu vya watu weusi ama katika 326, namba ya utumwa, ama katika 325, namba ya ukoloni na uhamiaji. Haikujalisha kwamba kitabu ni cha mashairi au cha historia. Maadamu mwandishi ni mweusi, mahali pake ni kwenye utumwa. Bibi huyo hakusubiri ruhusa. Alivipanga vitabu vyake upya kwa elimu iliyomo ndani yake, ushairi ukakaa na ushairi, tiba ikakaa na tiba. Tafakarini: mtu huru anaandika diwani, na rafu inamrudisha katika minyororo ya babu yake.

Neno lililotoka kinywani mwetu

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba katika suala hili sisi ni wa kudhulumiwa tu. Sivyo. Liko neno lililotoka kwetu.

Neno kafiri katika Qur’ani na katika fiqhi lina maana yake, nalo hueleza msimamo wa mtu juu ya imani. Wafanyabiashara Waislamu wa pwani ya Afrika walilitumia kwa watu wa bara na wa kusini ambao hawakuwa Waislamu. Wareno walipoingia katika bahari yetu mwishoni mwa karne ya 15 walilidaka kwa masikio, wakaiacha maana yake. Baada yao Waholanzi na Waingereza wakalifanya jina la kabila, kisha jina la nchi, na mwisho likawa tusi la rangi. Chini ya utawala wa ubaguzi wa Afrika Kusini halikuwa tena na uhusiano wowote na imani: Mwafrika aliyeswali na aliyekwenda kanisani waliitwa hivyo hivyo. Uzito wake haujapungua. Mwaka 2018 mahakama moja ya Johannesburg ilimhukumu kifungo mwanamke mmoja wa kizungu kwa kulirudia rudia neno hilo dhidi ya polisi mweusi aliyekuja kumsaidia.

Neno hilo lilikuwamo katika orodha ya Maktaba ya Congress kama jina la kawaida la watu. Mkutubi wa Kimarekani, Sanford Berman, alifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, mwishoni mwa miaka ya 1960, na huko ndiko alikofahamishwa kwamba neno lililoko katika orodha yake rasmi ni tusi zito kwa wenyeji. Jambo hilo lilimfungua macho. Aliipitia orodha nzima na mwaka 1971, mwaka aliohamia Makerere, Kampala, kikatoka kitabu chake kilichotaja vichwa vya mada zaidi ya mia mbili vyenye dharau juu ya Waafrika, Mayahudi, wanawake, maskini na wengineo, na kando ya kila kimoja akapendekeza badala yake.

Wengi walimwona msumbufu. Hata hivyo, mtafiti aliyeirudia orodha yake mwaka 2005 alikuta kwamba karibu theluthi mbili ya mapendekezo yale yalikuwa yamekubaliwa, yote au kwa sehemu, na zaidi ya theluthi moja yalikuwa bado hayajaguswa. Miaka 34 ya kuandika barua! Hii ni subira ya kupigiwa mfano, na inatupasa tujiulize ni Waislamu wangapi wa Afrika Mashariki waliowahi kuandika hata barua moja juu ya namba 297 au juu ya neno lililotoka katika lugha ya Qur’ani likaenda kuwatukana ndugu zao Waafrika.

La haramu ni kitendo, si mtu

Liko na neno la pili. Katika orodha hiyo hiyo ya Washington, watu wanaoishi nchini bila ya vibali walikuwa wakiitwa kwa jina lenye maana ya wageni wasio halali. Mwaka 2014 wanafunzi wa Chuo cha Dartmouth, ambao baadhi yao walikuwa wenyewe hawana vibali, walisema jina hilo linawatukana kila wanapotafuta kitabu. Wakutubi wakawaunga mkono. Machi 2016 maktaba ikatangaza kulibadilisha, lakini wabunge wakaingilia kati na badiliko likasimama. Ilichukua mpaka Novemba 2021 ndipo jina la watu lilipowekwa kuwa wasio raia, na tatizo la uhamiaji likatajwa peke yake kama tatizo.

Sasa tujitazame. Magazeti yetu ya Kiswahili na redio zetu huwaitaje watu hao? Wahamiaji haramu. Tumelichukua neno la sheria ya Allah, tukalibandika juu ya kichwa cha kijana wa Kihabeshi au wa Kisomali aliyekutwa amejificha ndani ya lori la mizigo. Kila mwanafunzi wa madrasa anajua kwamba haramu ni hukumu ya kitendo. Kula riba ni haramu, kudhulumu ni haramu. Lakini mwanadamu aliyetukuzwa na Mola wake hawi haramu kwa kukosa karatasi. Kama kavunja sheria ya nchi, na isemwe kavunja sheria ya nchi, na ahukumiwe kwa haki.

Tunaona basi kwamba katika maneno haya mawili, kafiri na haramu, dini yetu imekopesha lugha na lugha imekwenda kutukana. Anayestahili kulidai deni hilo ni nani kama si sisi?

Walivyofanya waliotutangulia

Kupanga vitabu kwa uadilifu si jambo la kuazima Marekani. Mwaka 377 Hijria, sawa na 987 Miladia, mtu wa Baghdad aitwaye Ibn an-Nadim, ambaye alikuwa muuza vitabu, aliandika Al-Fihrist, orodha ya vitabu vyote vya Kiarabu alivyovijua, katika makala kumi. Katika makala ya kwanza alieleza maandishi ya mataifa mbalimbali na vitabu vya Mayahudi na Manasara, kisha akaiendea Qur’ani na elimu zake. Katika makala ya tisa alieleza madhehebu ya Masabai wa Harrani, ya wafuasi wa Mani, ya watu wa India na ya China. Habari alizoandika juu ya wafuasi wa Mani zina uzito mkubwa kiasi kwamba watafiti wa leo, Waislamu na wasio Waislamu, bado wanazitegemea, kwa kuwa aliwaeleza kwa vitabu vyao na kwa majina yao. Zaidi ya miaka arobaini baadaye Al-Biruni aliandika juu ya India, mnamo 1030, akaweka sharti la kuyaeleza maneno ya Wahindu kama wanavyoyasema wenyewe. Hakuna aliyewatuhumu wawili hawa kwa kuuza dini yao. Walijua kwamba kumweleza mtu kwa haki si kumkubalia anayoyaamini.

Na chimbuko la yote ni Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Abu Dharr (r.a.), sahaba mkubwa, alipomtukana mtu kwa kumtaja mama yake, Mtume alimkemea na kumwambia kwamba ndani yake bado mna mabaki ya ujahilia. Hakumwambia kwamba ni neno tu, litapita. Nayo Suratul-Hujurat (49:11) imetukataza waziwazi kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli, ikahesabu tendo hilo kuwa ufasiki baada ya imani.

Kabati la msikitini

Baada ya kuwahukumu wengine, twende kwenye kabati letu. Katika misikiti yetu mingi lipo kabati la vitabu. Mara nyingi limefungwa kwa kufuli na mwenye ufunguo amesafiri. Hakuna daftari la kuonyesha kilichomo. Mushafu wa wakfu, tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Al-Farsy, vitabu vya fiqhi, vijitabu vya mihadhara na magazeti ya zamani vimerundikwa pamoja. Vumbi ndilo lenye kusoma.

Na pale penye mpangilio, tuangalie vibandiko. Vitabu vya Wakristo vimeandikwa vya makafiri. Vitabu vya Mashia vimeandikwa vya wapotofu, na vya watu wa tarika vimeandikwa vya bid’a. Ukienda kwa hao wengine utakuta vitabu vyetu vimewekwa pembeni chini ya neno Mawahabi, jina ambalo sisi hatukujiita na kila siku tunalilalamikia. Basi kwa kipimo gani tunalilia haki katika namba 297 ya Marekani, na hali katika kabati la hatua tatu kutoka mihrabuni tunamfanyia ndugu yetu yale yale?

Tunasema wazi ili tusifahamike vibaya. Bid’a ni bid’a, na tutaendelea kuikataza kwa dalili. Lakini mahali pa kuikataza ni darsani na mimbarini, ambapo dalili husomwa na mwenye hoja akajibu. Kibandiko hakina dalili wala hakijibiwi. Kinatoa hukumu kabla ya kusikiliza, na kijana anayekuja kutafuta elimu hufundishwa na rafu kwamba dharau ni sehemu ya dini.

Majibu kwa wenye shaka

Watakuwepo wa kusema kwamba haya ni mambo madogo, na misikiti yetu mingine haina hata maji ya kutawadhia. Tunajibu: kuchimba kisima hakumzuii mtu kuacha kutukana. Kibandiko kipya ni kipande cha karatasi na kalamu.

Wengine watasema: neno kafiri limo katika Qur’ani, je mnataka kulifuta? Tunajilinda kwa Allah na jambo hilo. Neno hilo litabaki katika Qur’ani, katika tafsiri na katika fiqhi, mahali ambapo lina masharti na maana. Tunachokataa ni kulifanya jina la jirani. Kitabu kinachoeleza dini ya Wakristo kiandikwe Ukristo, na kinachoeleza mila za Wamasai kiandikwe Wamasai. Tutakuwa tumesema kweli, na hatutakuwa tumepunguza chochote katika tauhidi yetu.

Na wengine, hasa wasomi, watasema kwamba kubadili majina ni kuficha historia. Hoja hii ina uzito. Kitabu kilichopewa jina la kudhalilisha na mwandishi wake kibaki na jina lake, kwa sababu mkutubi hana haki ya kusahihisha kalamu ya mtu mwingine, na vizazi vijavyo vina haki ya kujua kilichoandikwa. Linalobadilishwa ni neno la mkutubi mwenyewe. Tena neno la zamani lisitupwe kabisa: katalogi iwe na kielekezi, ili anayelitafuta kwa jina la kale apelekwe kwenye jina jipya. Kwa njia hiyo historia inahifadhika na mtu hatukanwi.

Tufanye nini?

Kwanza, kila kamati ya msikiti ifungue daftari la vitabu mwezi huu. Liandikwe jina la kitabu, mwandishi, lugha, aliyekitoa wakfu, na mada yake kwa neno moja au mawili yasiyo na kejeli. Kazi hii vijana wawili wa sekondari wanaweza kuimaliza kwa siku chache.

Pili, tuwaite watu kwa majina wanayojiita. Tukiwa na shaka, tuwaulize. Si vigumu kumuuliza jirani yako jina lake.

Tatu, tusiogope kuupanga Uislamu kwa upana unaostahili. Katika nchi za Kiarabu wakutubi waliurekebisha mfumo wa Dewey, wakautengea Uislamu namba 210 hadi 219. Wahariri wa mfumo wenyewe wanaruhusu maktaba kuipa nafasi dini ya wenyeji wake, na mwaka 1996 waliipanua namba 297 na kupunguza upendeleo wa zamani. Madrasa au chuo chetu kisichofanya hivyo hakizuiwi na mtu.

Nne, tunapokutana na neno la dharau katika maktaba ya shule au ya mkoa, juu yetu au juu ya wengine, tuandike barua yenye adabu, itaje kitabu, itaje neno, na ipendekeze badala yake. Berman hakuwa na kingine zaidi ya hicho.

Tano, tuwapeleke watoto wetu kusomea ukutubi. Kipo chuo cha fani hiyo Bagamoyo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Tunawahimiza watoto wawe madaktari na wanasheria, na ni vyema. Lakini umma ambao neno lake la kwanza lililoteremshwa ni amri ya kusoma hauna udhuru wa kukosa watu wa kuvitunza vitabu.

Ndugu Waislamu, malaika wawili wanaandika kila neno tunalolitamka, na lililoandikwa kwa mkono wetu kwenye mgongo wa kitabu halisamehewi kwa kuwa herufi zake ni ndogo. Siku hiyo kila mmoja wetu atapokea daftari lake. Anayetarajia kuandikwa humo kwa jina jema, na aanze leo kuwaandika wenzake kwa haki.

Wabillahi tawfiq.